Mzee Ambindwile Mwaisaka, Katibu Aliyemkataa Mhasibu wa Ukoo Wake

Leo, tarehe 30 Juni 1998, Mzee Ambindwile Mwaisaka anastaafu ukatibu wa Chama cha Ushirika wa Kahawa Umoja, Tukuyu, akiwa ametimiza miaka thelathini na moja ya utumishi. Katika miaka yote hiyo hajawahi kukosa siku ya malipo ya wakulima, na hajawahi kumwazima mtu kalamu yake. Kamati imeniomba mimi, Zakia Ahmadi, mpiga chapa wa Chama tangu 1989, niandike wasifu huu kwa ajili ya sherehe. Nimeambiwa niwe na adabu na nisizidishe kurasa. Nitajitahidi katika moja kati ya hayo mawili.

Mzee alizaliwa Ikuti mwaka 1943, katika nyumba ya migomba mingi na watoto wengi zaidi. Alisoma mpaka darasa la nane, na tarehe 1 Julai 1967 akaajiriwa kuwa karani wa mizani katika kituo cha ununuzi cha Masoko. Huko ndiko alikoanza ile tabia ambayo wote tunaijua. Kila asubuhi, kabla ya kupokea kahawa ya mtu yeyote, alipanda mwenyewe juu ya mizani na kuandika uzito wake kwa chaki mlangoni. Uzito ukitofautiana na wa jana, aliishuku mizani kwanza na chakula baadaye. Baada ya Krismasi ya kwanza fundi aliitwa mara mbili bure, mpaka mkewe alipokiri kwamba palichinjwa ng'ombe.

Mwaka 1970 alipelekwa Moshi kusomea ushirika, akarudi kuwa mtunza vitabu. Ushirika ulipovunjwa mwaka 1976 alihamishiwa mamlaka ya mazao, akahama na kalamu zake. Chama kilipofufuliwa mwaka 1984 alirudi hapa Tukuyu akakuta ofisi yetu inalala mbuzi. Aliwahamisha kwa heshima, akafagia siku tatu, akafungua leja mpya juu ya meza ambayo mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Mwaka 1988 akawa Katibu, lakini vitabu hakuviachia. Alisema atamwachia mtu akimpata anayeandika saba isiyofanana na moja.

Tabia nyingine ni ya sahihi yake. Mpaka leo hakuna aliyeweza kuisoma. Barua zake zote zilimalizika kwa mchoro ule, neno "Katibu", na muhuri. Jina hakuweka. Nilipomshauri niwe nalipiga chapa chini ya sahihi, kama ofisi nyingine, alinijibu kwamba barua inaandikwa na Chama, haiandikwi na Ambindwile. Nikanyamaza, maana yeye ndiye aliyekuwa akinitilia sahihi ruhusa za kwenda nyumbani.

Sasa nije kwenye mwaka 1995, kwa sababu najua hilo ndilo mnalolitafuta humu.

Soko huria la kahawa tulilisikia redioni kwanza, halafu tukaliona barabarani. Magari ya wanunuzi binafsi yalipanda mpaka kwenye migomba, noti zikiwa tayari na mizani imefungwa nyuma. Mkulima hakulazimika tena kuleta kahawa kwetu, na sisi hatukuwa na fedha ya kumlipa papo kwa papo. Tulihitaji mkopo wa msimu. Benki, ambayo siku hizo nayo ilikuwa imejifunza mambo mapya, ilituandikia barua ya aya mbili. Ilitaka hesabu zetu za miaka mitatu zikaguliwe na mhasibu aliyesajiliwa na Bodi ya Wahasibu, asiye mtu wetu, na taarifa yake iwafikie kabla ya tarehe 31 Mei. Barua ilitufikia mwanzoni mwa Februari.

Jamani, hatukuwa tumewahi kuchagua mkaguzi. Zamani mkaguzi aliletwa, akanywa chai, akakagua, akaondoka. Kumtafuta wenyewe na kumlipa ili atutafutie makosa kulionekana kwa baadhi ya wajumbe kama kumkodi mtu aje akutukane sebuleni kwako. Mwenyekiti wetu, Mzee Asajile, alisema wazi kwamba yeyote mwenye muhuri anatosha, ilimradi awe wa bei nafuu.

Tena palikuwa na jambo lililouma zaidi. Maneno yalikuwa yameanza kuzagaa, kuanzia Masoko mpaka Igogwe, kwamba Ambindwile anaogopa kukaguliwa kwa sababu amekula. Yalianzia wapi hatujui, ila tunajua yalisafiri kwa magari gani. Nyumba ya bati aliyojenga mwaka 1991 kwa miaka sita ya kujinyima ikageuzwa ushahidi. Mkewe, Mama Veronika, akaanza kukaa benchi la nyuma kanisani. Mzee hakumjibu mtu. Alikonda, na hili silisemi kwa kukisia, kwa kuwa chaki ya mlango wa ghala ilionyesha kilo nne zimepotea kati ya Februari na Aprili. Kwa hiyo mhasibu tuliyekuwa tukimtafuta alikuwa na kazi mbili. Alitakiwa kuokoa Chama, na alitakiwa kusema kama Mzee ni mwizi au si mwizi.

Wa kwanza alikuja mwenyewe kabla hatujamwita. Alikuwa na suti ya kijivu, mkoba mwembamba na muhuri mfukoni. Aliahidi taarifa kamili kwa siku tatu, kwa bei ambayo Mwenyekiti aliiona ni neema. Mzee akamuuliza ni lini atapima kahawa iliyomo ghalani. Bwana yule akasema hana haja ya kuchafua viatu. Akaulizwa namba yake ya usajili, akaitaja haraka haraka huku akiangalia saa. Mzee aliinakili, akamwagizia chai, akamshukuru, halafu akaiandikia Bodi Dar es Salaam. Jibu lilichukua wiki tatu, na katika wiki hizo Mwenyekiti hakupitisha siku bila kulalamika. Bodi ilijibu kwamba namba hiyo haina mwenyewe. Bwana wa suti hatukumwona tena, na chai yake tukailipa sisi.

Wa pili walikuwa kampuni kubwa ya Dar es Salaam. Barua yao ilikuwa ya karatasi nene, niliona hata aibu kuitoboa iingie kwenye faili. Bei yao tukaisoma mara mbili, tukaifunga, tukairudisha kabatini.

Hapo ndipo Mzee alipokaa siku nzima akaandika yale maswali saba. Niliyapiga chapa na nakala tatu za kaboni. Alitaka kujua nani atafanya kazi kwa mkono wake mwenyewe na si kuja tu kutia sahihi mwisho, atakaa siku ngapi, atataka tumwandalie karatasi gani, na bei iliyoandikwa itapanda kwa sababu zipi. Alitaka majina ya vyama vingine alivyovikagua. Aliuliza kwamba akikuta kosa atamwambia nani kwanza. Na la saba lilikuwa hili: je, ana undugu au biashara na mjumbe yeyote wa Kamati? Chini yake tukaorodhesha majina tisa ya wajumbe. Tuliona tumeziba kila tundu.

Majibu bora yalitoka ofisi moja ya Mbeya, yakiwa na sahihi ya E. J. Mwakalinga na namba ya usajili, ambayo Bodi iliithibitisha. Swali la saba lilijibiwa kwa neno moja: hapana. Hata hivyo Mzee hakutosheka na karatasi. Alipanda basi kwa nauli yake mpaka Ileje, kwenye chama ambacho mhasibu huyo alikuwa amekikagua, akakaa nao kutwa. Walimwambia kwamba mama huyo ni mkali, anakuja siku aliyosema, na alikataa hata mkungu wa ndizi. Mzee alirudi Tukuyu akiwa na furaha ambayo hatukuwa tumeiona tangu Januari. Mkataba ukasainiwa.

Jumanne ya tarehe 2 Mei alifika na basi la kwanza, mvua ikinyesha. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, viatu vya mpira, mkoba mzito. Nilimkaribisha kiti na, kama mnavyonijua, nikaanza kumdodosa. Akasema anaitwa Esnath, binti wa Jacob Mwakalinga, kwao ni huku huku Masoko. Ameolewa na Erasto, mtoto wa Lukasi aliyehamia Dar es Salaam, watu wa Ikuti. Nikafurahi kama mjinga. Nikamwambia kwamba Katibu wetu naye ni wa Ikuti, na ana mdogo wake Dar anayeitwa Lukasi, kwa hiyo huyu Katibu si ni baba mkwe wake kabisa?

Bi. Esnath alisimama, akajifunika kanga kichwani na kugeukia ukuta. Nje, kwenye baraza, nikasikia mwavuli unafungwa, halafu ukafunguliwa tena. Mzee alikuwa amenisikia. Akazunguka nyuma ya jengo, akaingia ghalani kwa mlango wa kupakilia magunia, akajifungia.

Mimi babu yangu alitoka Kilwa na cherehani yake akaja kushonea watu hapa mjini, na mila hii nilikuwa naisikia tu kwa majirani. Kwa Wanyakyusa wa desturi, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawakai chumba kimoja, hawasemezani, na mkwe hatamki jina la baba mkwe wake. Ndugu wa baba mkwe nao ni baba wakwe vilevile. Ndiyo heshima yenyewe. Na heshima hiyo hiyo ndiyo iliyotuponza. Arusi ya Erasto ilifanyika Dar es Salaam katikati ya msimu wa kununua, na Mzee alituma mchango bila kwenda. Kwake yeye, bibi huyo alikuwa "mke wa Erasto" tu. Kwa bibi huyo, Mzee alikuwa "baba wa Ikuti" anayefanya kazi ushirika, na vyama vya ushirika wilaya hii ni vingi. Hakuna aliyewahi kumtajia mwenzake jina. Barua zetu zilikuwa na ule mchoro na neno "Katibu". Na swali letu la saba, lile tulilojivunia, liliuliza juu ya wajumbe wa Kamati, wakati Katibu si mjumbe, ni mwajiriwa.

Mwenyekiti alipofika alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatoa amri kazi ianze. Kati ya ofisi na ghala kuna ukuta wa mbao. Mhasibu abaki upande huu, Katibu upande ule, na Zakia apeleke maswali na kurudisha majibu. Nadhani siku ile nilitembea umbali wa kufika Kyela bila kutoka nje ya jengo. Bi. Esnath alitaka hati ya malipo ya Septemba 1993, nikaenda. Mzee, akiwa amekaa juu ya gunia, alinitajia faili, rafu na rangi ya uzi bila kufikiri. Hakukosea hata mara moja. Ilipofika saa nane mchana bibi yule aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hajaona chama chenye karatasi zilizopangwa hivi.

Wajumbe walipokusanyika alasiri ile, Kamati nzima ilikuwa mbinguni. Mhasibu ni wa kweli, amesajiliwa, anaridhika, na tena ni mtoto wa nyumbani. Mwenyekiti alipiga hesabu akasema katikati ya Mei taarifa itakuwa mezani benki. Mjumbe mmoja alisema kwamba benki haina haja ya kujua habari za nani kamwoa nani. Nami nakiri kwamba nilikubaliana naye. Nilimpenda Mzee, nilitaka maneno yale ya barabarani yaishe, na hapa alikuwapo mtu wa kuyamaliza kwa wiki mbili.

Mzee alisubiri mpaka wajumbe wakanyamaza. Kisha akaniomba nifungue kile kidirisha kidogo cha kupitishia stakabadhi, akasimama pembeni yake asionekane, akaniambia mimi, lakini kwa sauti ya kusikika pande zote mbili:

"Mwanangu, vitabu vyangu ni safi. Ndiyo maana nataka avikague mtu asiye na sababu ya kuniheshimu."

Bi. Esnath, uso ukutani, alinivuta mkono akaniomba nimjibu baba kwamba mkoba wake alikwisha kuufunga tangu saa nane. Alikuwa anatafuta tu namna ya kumwambia mzee wake jambo zito wakati haruhusiwi kumsemesha. Sheria za kazi yake zinamkataza kumkagua ndugu, awe wa damu au wa ndoa, na angejuta maisha yake yote kama angeendelea. Malipo ya siku ile alikataa kupokea. Nauli nayo alikataa.

Mwenyekiti alikasirika sana, na leo ananiruhusu kuliandika hilo. Alimwita Mzee mkaidi na mzee mwenye kiburi. Mzee alimweleza taratibu kwamba siku watu wa magari watakapojua mhasibu ni mkwe wake, taarifa itakuwa ya kufungia maandazi, na yeye atakuwa mwizi mwenye cheti. Zilibaki siku ishirini na tisa.

Kabla ya kuondoka Bi. Esnath aliacha karatasi yenye majina matatu ya wahasibu. Ofisi yake mwenyewe hakuiandika. Nilipomwomba aweke alama kwa yule anayemwona bora, alikataa, akasema yeye sasa ni mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hafai kutuchagulia mkaguzi. Mzee aliniamuru nirekebishe swali la saba liseme "mjumbe au mfanyakazi yeyote, kwa damu au kwa ndoa". Safari hii tuliuliza maswali yote kwa simu ya posta, nikipiga kelele mpaka foleni yote ikajua mambo yetu. Tukamchagua Bwana Rayyan Salehe wa Iringa, na tarehe 10 Mei akafika.

Bwana Rayyan alikaa siku kumi na mbili. Alilala gesti na kulipia mwenyewe chakula. Hakuiamini mizani yetu, akaleta mawe yake ya kupimia. Alipima kila gunia ghalani huku mimi nikiandika, na kwa siku zote kumi na mbili hakucheka kwa lolote nililosema. Mzee alimpenda sana.

Siku ya saba alikuta kitu. Ghala letu, kwa misimu mitatu, lilikuwa limepeleka mnadani kilo elfu mbili mia tatu na kumi na sita zaidi ya zile tulizonunua kwa wakulima. Akauliza zimetoka wapi. Mzee akafungua droo, akatoa daftari dogo lenye jalada jeusi. Tangu mwaka 1984, kwa kuwa kahawa ya huku huletwa mvuani, alikuwa akipunguza kilo moja kwa kila gunia kufidia maji. Alikusudia iwe kwa siku za mvua tu. Lakini ni nani Tukuyu anayeweza kukuonyesha siku isiyo ya mvua? Basi kilo ile iliendelea kukatwa mwaka mzima, jua na mvua. Aliandika kila moja, kwa jina la mkulima, katika daftari lile ambalo hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba lipo. Fedha yake iliingia vitabuni kama mapato mengineyo, ikajenga choo, ikanunua taipureta yangu. Hata senti moja haikupotea. Ila ilikuwa ya wakulima.

Bwana Rayyan alilipekua daftari ukurasa kwa ukurasa. Akasema, "Hukuiba, Mzee. Lakini ulichukua."

Sijapata kumwona mtu akikaa chini vile. Nililia, na sioni haya kusema. Mtu aliyekataa njia rahisi kwa ajili ya usafi wa jina lake, sasa jina lenyewe lilikuwa ukurasa wa tatu wa taarifa. Mzee aliuliza swali moja tu, kama litaandikwa. Akaambiwa litaandikwa. Hakuomba lilainishwe. Aliomba mkutano mkuu uitishwe kabla taarifa haijaenda benki, ili wakulima walisikie kwanza wao.

Jumamosi ya tarehe 27 Mei ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Walikuja wa Ikuti, wa Masoko, wa Igogwe, na madereva wawili wa wanunuzi waliojifanya wanajikinga mvua. Bwana Rayyan alisoma kurasa mbili. Ukurasa wa tatu Mzee aliomba ausome mwenyewe. Alivua kofia, akausoma wote, pamoja na sentensi inayosema kwamba utaratibu huo ulianzishwa na Katibu bila idhini ya Kamati wala wanachama. Akasema ni kweli. Akabaki amesimama.

Mama Tupokigwe wa Masoko, mjane tunayemjua kwa ukali wake, alinyanyuka akataka kujua kilo zake yeye ni ngapi. Mzee akafungua daftari jeusi, akapitisha kidole, akamwambia ni kumi na nane kwa misimu mitatu. Mama akaketi. Sote tulidhani yameisha, na kwamba yamekwisha vibaya. Halafu akanyanyuka tena, akawageukia wale madereva wa madirishani.

"Nimewauzia watu wa gari mara mbili," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniambia kilo alizonipunja."

Kuanzia hapo mkutano uligeuka. Watu walipanga mstari kuuliza kilo zao, wengine wakicheka, wengine wakimsema Mzee kwa haki kabisa, naye akimjibu kila mmoja kwa namba. Ilipofika saa kumi na moja walipiga kura kilo zote zirudishwe pamoja na malipo ya kwanza ya msimu, makato ya mvua yafutwe, na Katibu abaki. Waliopinga kubaki kwake walikuwa kumi na wanne. Mzee anawafahamu wote, na wawili kati yao wamechangia zawadi ya leo.

Nisiwadanganye kwamba mambo yalinyooka siku ile ile. Taarifa ilifika benki tarehe 29 Mei, na benki ikakaa nayo wiki tatu. Wanachama mia moja na arobaini hawakuweza kusubiri, wakauzia magari. Mkopo ulipokuja ulikuwa mdogo kuliko tulioomba. Lakini ulikuja. Ofisa wa benki alimwambia Mwenyekiti kwamba taarifa nyingine alizoletewa zilikuwa safi mno hata hakujua aanze kuamini wapi, ila yetu ilikuwa na kosa, jina la mkosaji na tarehe ya kurekebisha. Msimu uliofuata tisini kati ya wale walirudi. Mama Veronika alihama benchi la nyuma kanisani Jumapili iliyofuata mkutano, na alipita katikati ya kanisa taratibu makusudi ili wote wamwone.

Tangu wakati huo kila mwaka Chama kinachagua mhasibu wake kwa maswali saba, na maneno "au mfanyakazi yeyote" yamepigiwa mstari. Vyama vya Kyela na Ileje vimekuja kuyanakili. Kwa hesabu yangu nimekwisha kupiga chapa nakala arobaini na tatu, na utepe wa mashine naununua kwa shida. Mzee pia alinifundisha mimi kutunza leja, jioni mbili kwa wiki kwa miaka miwili, akinifutia saba zangu zote mpaka zilipokubalika. Makarani watatu wa vituo vyetu leo ni wasichana aliowafundisha yeye. Huwa hasemi umefanya vizuri. Husema endelea, na tukilisikia hilo tunalala vizuri.

Imebaki habari moja. Februari mwaka huu Chama kilitangaza nafasi ya mhasibu wake wa kudumu, wa kwanza tutakayemwajiri mwenye cheti cha Bodi. Waombaji walikuwa tisa. Jina la nne liliposomwa Mzee aliinuka, akaiambia Kamati sababu, akaenda kukaa nyumbani siku mbili mpaka uchaguzi ulipokwisha. Bwana Rayyan aliitwa kusaidia kusaili. Wakamchagua Bi. Esnath. Miaka mitatu hakuweza kugusa vitabu hivi kwa sababu ya aliyekuwa akivitunza, na sasa anayevitunza anaondoka. Bwana Rayyan amekwisha kukagua makabidhiano yote, na ataendelea kutukagua kutoka nje. Kwa wiki mbili zilizopita Bi. Esnath amekuwa akija mchana, Mzee akiwa amekwenda Masoko au Ikuti, akisoma leja moja baada ya nyingine tangu ile ya mwaka 1984, pamoja na daftari jeusi.

Ila makabidhiano lazima watu wawili waketi meza moja, watazamane, na watie sahihi mbele ya mkaguzi. Wazee wa ukoo wamekaa Ikuti mara mbili kwa ajili ya jambo hili. Mara ya kwanza walikataa, mara ya pili wakakubali. Kwa hiyo leo alasiri, mbele yenu, mkwe atainua uso wake na baba mkwe atamkabidhi funguo za kabati mkono kwa mkono. Wengi mmeniuliza kama Mzee haoni haya kutazamwa na mkwe wake mbele ya umati. Alipokuja kunipa tarehe za wasifu huu nilimuuliza mwenyewe. Alivaa kofia yake.

"Amekwisha kusoma vitabu vyangu," alisema. "Amekwisha kuniona."

Mzee Ambindwile, ndaga fijo, asante sana, kwa miaka thelathini na moja. Wanachama, Kamati na sisi wafanyakazi wenzako tunakuombea afya wewe na Mama Veronika, migomba isiyoangushwa na upepo huko Ikuti, na uzee wenye amani. Endelea.